Mwenzako Yuko Vipi?

Kengele ya jioni ilipolia, wasichana wa timu ya raga walibadilisha nguo haraka na kukimbilia uwanja ulio nyuma ya shamba la mahindi la shule. Shule yao iko nje kidogo ya Kitale, kwenye barabara ya kwenda mji mdogo wa Kwanza. Huko uwanjani walimkuta Kocha Jairus Wamalwa, filimbi shingoni na tumbo mbele. Mgeni angedhani ni muuza mbolea aliyepotea njia. Lakini zamani, alipokuwa chuoni, Kocha alicheza raga na alikuwa mwembamba. Wasichana waliamini hilo kwa sababu tu aliwahi kuwaonyesha picha.

Kazi ya ukocha ilikuwa imemzungusha. Alianzia Cheptais, ambako uwanja uliinama hivi kwamba mpira ukiponyoka mliufuata hadi kwa jirani. Akaenda Kiminini, kisha akaja Kitale. Kila alikopita aliacha watoto waliompenda na wakubwa waliochoka kusubiri kombe. Yeye hakuwa mwalimu wa serikali. Aliajiriwa na halmashauri ya shule, na mkono uliomleta ndio ambao ungeweza kumwondoa.

Alikuwa na desturi moja ambayo makocha wengine waliicheka. Kabla ya kila mazoezi na kila mechi hakumuuliza mchezaji habari yake mwenyewe. Kila msichana alikuwa na mwenzake wa kumwangalia, naye Kocha alipita kwenye mstari akimuuliza kila mmoja swali lile lile: "Mwenzako yuko vipi?"

"Mtu ukimuuliza habari yake atakuambia ni poa hata kama anachechemea," alizoea kusema. "Mimi nataka kusikia jicho lililo kando yake."

Mwenzako akisema umeumia, ulikaa nje. Ikiwa ni kichwa, ulikaa nje hadi daktari aseme vingine, hata kama wewe ndiye nyota wa timu. Watu walisema ni kanuni hiyo iliyomwondoa Kiminini.

Viola, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliwekwa pamoja na Nyaruai, nahodha wa timu. Walikuwa marafiki tangu Gredi ya Nne, wakigawana sahani ya githeri na siri. Nyaruai alikuwa na mbio ambazo hazikufundishwa na mtu. Alilelewa na babu yake, Mzee Ndung'u, mkulima mkubwa wa mahindi huko Kwanza, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya shule. Nyaruai alimwita guka.

Kila mwaka shule moja ya Bungoma iliandaa mashindano ya raga ya wachezaji saba, na zawadi ilikuwa fahali. Kitale hawakuwahi kumleta fahali huyo nyumbani. Mwaka huu Mzee Ndung'u alisimama mbele ya wanafunzi wote asubuhi ya Jumatatu, akavua kofia yake, akasema, "Kila mwaka Kocha anatuletea asante. Asante hailiwi. Safari hii ni fahali, ama tutafute mtu mwingine."

Walimu walicheka, na Kocha akacheka pamoja nao. Viola hakucheka. Alijua mzee huyo hana mazoea ya kutania.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, mwalimu mkuu alimwita Kocha ofisini wazungumze habari za basi. Wasichana wakaendelea na mazoezi peke yao. Nyaruai alijirusha kuudaka mpira wakati Viola naye anaukimbilia, na goti la Viola likampiga kichwani, juu kidogo ya sikio. Nyaruai alilala chini, macho yamefumba. Wenzao walikuwa upande wa pili wa uwanja na hawakuona. Viola alipopiga magoti kando yake, Nyaruai alifungua macho, akakaa, akacheka kwa kujilazimisha.

"Usiseme," alimwambia.

"Si unajua kanuni ya Kocha?"

"Naijua. Na nikikaa nje, nani atafunga? Tukikosa huyo fahali, guka atamfukuza Kocha. Unataka Kocha aende? Kichwa changu ni kigumu, bana. Apa kwamba hutasema."

Viola alisita. Goti lilikuwa lake, na Kocha alikuwa wa wote. "Haki ya Mungu," akasema, ingawa moyo haukutulia.

Ijumaa Nyaruai alishinda amelaza kichwa kwenye dawati. Alisema mwanga wa dirishani unamchoma macho. Nyumbani, nyanya yake alimgusa paji la uso, akatoa kabatini dawa za malaria zilizobaki, akampa bila kupimwa. Huku kwetu kichwa kikiuma ni malaria, mgongo ukiuma ni malaria, na mtoto asipotaka kwenda shule, hiyo nayo huanza kama malaria. Viola aliposikia hivyo alifurahi. Alitaka sana iwe malaria, kwa kuwa malaria haikuwa kosa la goti lake.

Jumamosi waliondoka alfajiri kwa basi la shule. Walipopita Kiminini Nyaruai alitapika dirishani, Kocha akiwa mbele kando ya dereva asione. Joy, winga wa timu, akampa kipande cha limau na kusema ni kona za barabara. Barabara ile haina kona za kumtapisha mtu, lakini hakuna aliyebisha.

Uwanja wa Bungoma ulikuwa umejaa. Fahali mwenyewe alifungwa kando ya hema la wageni, utepe mwekundu kwenye pembe, akitafuna nyasi kana kwamba mambo hayo hayamhusu. Mzee Ndung'u alikuwa amekwisha kufika kwa gari lake na kukaa mstari wa mbele.

Kocha aliwapanga wasichana, akaanza kupita. Kila mmoja akajibu. Alipomfikia Viola akasimama.

"Viola, mwenzako yuko vipi?"

Viola alihisi macho ya Nyaruai kwenye shavu lake. "Yuko sawa, Kocha."

Kocha alimtazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akaenda kwa mwingine. Ulikuwa uongo mwepesi kuutamka. Uzito wake ulikuja baadaye.

Walishinda mechi ya kwanza bila shida. Katika nusu fainali mambo yalikuwa magumu hadi dakika za mwisho, Nyaruai alipopokea mpira karibu na mstari wao wenyewe. Alimkwepa wa kwanza, akampita wa pili kwa mbio tupu, wa tatu akabaki ameshika hewa. Alifika ng'ambo ya mstari wa wapinzani na kuugusisha mpira chini, na hiyo ndiyo trai iliyowapeleka fainali. Watu wa Kitale waliruka. Mzee Ndung'u aliipunga kofia yake hadi ikamponyoka.

Wasichana walikaa kivulini kunywa maji. Nyaruai alikaa karibu na Viola, akauangalia uwanja kwa muda mrefu.

"Kwani tunaanza saa ngapi?" akauliza.

"Kuanza nini?"

"Si mechi."

Viola alidhani ni mzaha. "Wacha zako. Si umefunga trai sasa hivi? Tuko fainali."

"Mimi?" Nyaruai alimtazama, na usoni hapakuwa na mzaha wowote. "Ati nimefunga?"

Viola aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Sasa alijua kwamba si malaria wala kona za barabara. Ng'ambo ya uwanja Kocha alikuwa akiwafunga wachezaji kamba za viatu, akipiga mluzi. Viola aliona wazi kwamba akimwambia ukweli atampokonya kazi yake, na atampoteza rafiki hapo hapo. Akinyamaza, Nyaruai ataingia tena uwanjani na kugongwa tena na mtu ambaye hajui lolote. Alisimama. Akavuka uwanja.

"Kocha, nilikudanganya," alisema. "Nyaruai hayuko sawa. Niligonga kichwa chake na goti Alhamisi. Ametapika. Na sasa hakumbuki kama amefunga."

Kocha hakumfokea. Aliacha kamba za viatu nusu, akaenda, akachuchumaa mbele ya Nyaruai.

"Leo ni siku gani, mama?"

"Ijumaa," akajibu Nyaruai.

"Na hapa ni wapi?"

Nyaruai alitazama huku na huku. Machozi yakaanza kumlengalenga. "Kocha, mimi nacheza. Niko sawa. Niulize kitu ingine."

Kocha alimvua kitambaa cha unahodha mkononi taratibu, akampa Joy. Hapo Mzee Ndung'u akawa amefika, pumzi juu juu.

"Wamalwa, unafanya nini? Watu wanangoja fainali."

"Ameumia kichwa, Mzee. Hachezi."

"Hiyo ni malaria. Nyanya yake amempatia dawa jana."

"Malaria haitokani na goti, Mzee."

Mzee Ndung'u aliteremsha sauti, jambo ambalo lilitisha kuliko kelele. "Huyu mtoto ni wangu. Akisema ako sawa, ako sawa. Ukimtoa, ujue hata wewe umetoka."

"Nimesikia," alisema Kocha. "Basi tutatoka wote wawili. Ila sisi tunapitia hospitali kwanza, na tutahitaji gari lako."

Mzee alimtazama mjukuu wake akipangusa machozi, akaenda kuwasha gari akinung'unika. Kocha akamwachia Mwalimu Rosaline, aliyeisindikiza timu, filimbi yake. Mwalimu Rosaline alifundisha Sayansi na hakujua raga zaidi ya kwamba mpira wake umechongoka. Nyaruai alipopita mbele ya Viola alisimama, akamwambia kwa sauti ndogo, "Umeniuza." Kisha akaingia kwenye gari la babu yake, na Kocha akaketi kando yake akimshikilia kichwa.

Fainali ilichezwa bila nahodha na bila kocha. Wasichana walijitahidi, Joy akafunga, hata Viola nusura afunge. Lakini Bungoma walikuwa kwao na miguu yao ilikuwa mizima. Kipenga cha mwisho kilipolia, fahali alifunguliwa na kuondolewa na wenyeji kwa nyimbo. Viola alilia. Wenzake walidhani anamlilia fahali.

Wiki nzima ilipita. Nyaruai hakuja shule, na Kocha alisema tu kwamba daktari ameamuru apumzike. Jumamosi iliyofuata Kocha alimwambia Viola wafuatane kwenda Kwanza kumwona. Njiani Viola aliomba msamaha.

"Nilikuuliza, ukaniambia yuko sawa," alisema Kocha. "Hilo liliniuma, sitakuficha. Nilimwingiza uwanjani kwa neno lako."

"Niliogopa utafukuzwa."

"Nimehama mara nyingi, mwanangu. Nguo zangu zinajua kujikunja. Lakini kumzika mtoto niliyemfundisha, hilo sijui na sitaki kujua."

Mzee Ndung'u aliwapokea mwenyewe mlangoni. Alionekana kuzeeka kidogo. Aliwakaribisha chai, kisha akamgeukia Viola.

"Daktari ametuambia ubongo ulitikisika," alisema. "Ati kama angegongwa tena hiyo siku, pengine tungerudi naye akiwa hajui jina yake. Pengine hatungerudi naye. Na mimi nilikuwa nashikilia ni malaria, nikipigania nyama." Alisugua magoti yake. "Kwa mkutano wa halmashauri walikuwa wamepata jina la kocha mwingine. Nimewaambia waiweke kando. Kocha tuko naye. Huyu alikataa kuchezesha mtoto wangu mbele yangu mimi, mwenye nilimwajiri. Mwingine angeniogopa."

Kocha alimaliza chai yake.

Nyanya aliwapeleka chumbani. Pazia lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mwanga. Nyaruai alikuwa ameegemea mto, akageuza uso ukutani alipomwona Viola. Viola akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alisema lililokuwa kweli.

"Ukinikasirikia, sawa. Lakini ningeona ukiingia hiyo fainali, ningekufa."

Kocha alikuwa amesimama mlangoni.

"Sikilizeni nyote wawili," alisema. "Wewe Nyaruai ulificha maumivu ukidhani unanisaidia. Wewe Viola ulificha ukidhani unamsaidia Nyaruai. Wote mlifanya kwa mapenzi, na mapenzi hayo nusura yamuue mtu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba hata anayekusaidia kuyaficha amelishika jembe la kaburi. Rafiki wa kweli atasema hata kama utamnunia mwaka mzima. Viola alichelewa kusema, lakini alisema, na alijua itamgharimu. Mwili ukiuma, sema. Wa mwenzako ukiuma naye hataki kusema, msemee. Kombe litakuja au lisije."

Nyaruai aligeuka polepole, macho yakiwa mekundu.

"Watu wanasema nilifunga trai," alimwambia Viola. "Ati ilikuwa nzuri sana. Nimejaribu kukumbuka, sioni kitu. Ni kama ilifungwa na mtu mwingine."

"Ni wewe uliifunga. Niliiona yote."

Nyaruai alisogea ukutani, akamwachia nafasi kitandani. "Basi niambie ilikuwa vipi," akasema.

Viola akapanda, akajilaza kando yake, akaanza kumsimulia.