Mama Sesilia Ashuka Bondeni

Mimi ni Rukia, Mama Mbaraka. Nalima kabichi na karoti huku juu milimani, upande wa Mgwashi. Asubuhi nafunga mizigo, nangoja gari la sokoni. Zamani tulipanga foleni kwa robo kilo ya sukari. Tangu soko huria liingie, duka letu la kijijini limejaa sukari, mafuta, soda na biskuti. Mwenye uwezo anakula mpaka achoke.

Mwaka mmoja mama yangu aliugua kule Zirai. Nikaenda kumwuguza, nikakaa miezi mingi. Niliporudi, nilikimbilia kwa jirani yangu Yudith, tunayemwita Mama Sesilia. Nilikuwa nimemwacha ametoka Dar es Salaam kutibiwa saratani ya ziwa. Wengi tunaiita kansa. Alipasuliwa, ziwa la kulia likaondolewa, kisha akapigwa mionzi. Nilimwacha amedhoofu kidogo, lakini anatembea.

"Onga mshi!" nikasalimia kwa Kisambaa. "Hodi wenyewe!"

"Karibu, Mama Mbaraka!"

Nikaingia. Yarabi! Yudith alikuwa amejaa kiti chote. Alitaka kuinuka anisalimie. Akajaribu, akashindwa, akarudi kukaa huku anahema.

"Makubwa haya!" nikasema. "Mwenzangu, umepatwa na nini?"

Mumewe, Kristian, akacheka kwa furaha. "Umeona, shemeji? Amepona! Hashiki jembe, hachoti maji, hatoki nje. Mkono wa kulia hata kijiko hauinui. Asubuhi uji wa maziwa na samli. Mchana ndizi kwa nyama. Jioni soda. Namtunza kama mzazi!"

Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani, analishwa mpaka ananawiri. Kristian alimpenda mkewe, akaona dawa ya kansa ni hiyohiyo. Kisha akanivuta pembeni, akanong'ona.

"Tena akikonda, watu watasema nini? Si watasema ana ule ugonjwa?"

Alimaanisha UKIMWI. Miaka ile ulitutia hofu sana. Mtu akipungua kidogo tu, kijiji kizima kinamnyooshea kidole.

Haikupita wiki, habari njema ikaja. Sesilia, binti yao wa pekee, amejifungua mtoto wa kiume! Sesilia ameolewa kule bondeni. Gari halifiki, ni njia ya miguu tu. Na kwa desturi ya ukoo wao, mtoto wa kwanza huogeshwa na bibi mzaa mama.

Yudith alilia kwa furaha. "Nakwenda," akasema. "Sikupona kansa ili nikae kitini. Namwogesha mjukuu wangu mimi mwenyewe."

Tukaondoka, Kristian mbele, mimi nyuma. Hata kwenye kona ya chemchemi hatujafika, nikasikia kishindo. Yudith yuko chini! Macho yamemtoka, jasho linamtiririka, hawezi kusema.

"Imerudi!" Kristian akapiga kelele. "Jamani, kansa imerudi! Mke wangu anakufa!"

Watu wakaja na machela, tukambeba mpaka zahanati. Bondeni hatukufika. Mtoto aliogeshwa na bibi wa upande wa baba, na Yudith aliposikia hivyo alijifunika kanga usoni akalia.

Nesi Paskalina wa zahanati alimpima, akakuta presha imepanda. Akamtuma hospitali. Daktari akampima damu, moyo na kifua, pia akaangalia kovu na kwapa. Majibu yalipotoka, tulirudi tena kwa Paskalina. Kristian alikataa hata kukaa.

"Shikamoo, baba," nesi akasema.

"Marahaba. Niambie, nesi. Imerudi?"

"Hapana. Daktari hajaona dalili yoyote ya kansa kurudi. Presha iko juu, na dawa amepewa. Lakini uzito umezidi sana, na mwili umesahau kazi. Sasa mama anatakiwa afanye mazoezi."

Kristian akaruka. "Mazoezi? Mgonjwa wa kansa? Nesi, unataka kuniulia mke?"

"Baba, mimi nataka akae nawe miaka mingi," Paskalina akajibu. Hakupandisha sauti. "Unene uliozidi unaleta presha na kisukari. Tena kwa mwanamke aliyepata kansa ya ziwa, unene unaweza kuongeza hatari ya kansa kurudi. Kumfungia ndani siyo kumtunza."

Kristian akakaa.

"Kwa hiyo nimekuwa nikimdhuru?" akauliza.

"Ulikuwa hujui, baba. Sasa unajua."

Yudith akauliza, "Nikifanya mazoezi, haitarudi kabisa?"

"Siwezi kukudanganya, mama. Hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Lazima urudi kupimwa kila unapoitwa. Lakini ukitembea, uchovu utapungua. Utalala vizuri, na hata huzuni itapungua. Uzito utashuka taratibu, moyo utapata nguvu."

"Na huu mkono? Nikiunyoosha, kovu halitapasuka?"

"Limekwishapona. Mkono usiotumika unakakamaa. Simama mbele ya ukuta, upandishe vidole polepole mpaka unaposikia unavuta. Usilazimishe. Mizigo mizito bado, tutaongeza kidogo kidogo. Mkono ukivimba, njoo haraka. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha hapohapo, njoo."

"Na chakula?" Kristian akauliza kwa sauti ndogo.

"Ale, asishinde njaa. Maharage, mboga za majani, matunda, ndizi kiasi. Soda, sukari nyingi na samli, hapana."

Basi tukaanza. Siku ya kwanza Yudith alifika kwenye ua wake tu, akarudi. Nikamwambia haba na haba hujaza kibaba. Baadaye alifika kwangu, kisha kanisani. Nikitoka shamba nilimpitia, tukatembea tunapiga soga mpaka anasahau kuchoka. Kristian alichora alama ya mkaa ukutani, pale vidole vya mkewe vilipofikia. Kila alama ikipanda, anafurahi kama ameshinda bahati nasibu.

Sesilia alituma salamu kwamba atamleta mtoto juu. Yudith akakataa. "Mwambieni asije. Nitashuka mwenyewe."

Mwili ukaanza kupungua. Na maneno yakaanza! Siku moja dukani, Saidi mwenye duka akamwambia Kristian, "Mkeo anakwisha, ndugu yangu. Au ndiyo mambo yetu haya?" Watu wakacheka kichinichini. Nilitaka kumrukia yule bwana, wallahi.

Kristian alirudi nyumbani na soda mkononi. Akaiweka mbele ya mkewe. Mimi nilikuwepo.

"Kunywa, Mama Sesilia. Wanasema una ule ugonjwa. Siwezi kusikia maneno yale tena."

Yudith akaitazama ile soda. "Baba Sesilia, niliposhindwa kupumua pale njiani, maneno ya watu yalinisaidia nini? Na anayeugua huo ugonjwa ni mtu kama sisi, wa kutunzwa, siyo wa kuchekwa. Mimi nina mjukuu sijamshika. Unataka nishuke bondeni, au nibebwe kwa machela?"

Kristian akaichukua soda, akairudisha dukani. Nilisikia alimjibu Saidi mbele ya watu, "Mke wangu hajaisha. Anajiandaa kwa safari."

Mvua za vuli zilipokwisha na njia kukauka, Yudith alirudi kupimwa presha, nesi akamruhusu. Tukashuka. Kabla ya kona ya chemchemi alisimama kidogo, akapatazama pale alipoanguka. Akaendelea. Huko nyuma nikasikia mtu anahema.

"Mama Sesilia, ningoje!" Ni Kristian, na kikapu cha ndizi mkononi.

Sesilia alikuwa uani, anatia maji ya mtoto kwenye beseni. Alipoinua macho, kopo likamponyoka.

"Mama! Nani amekubeba?"

"Nimekuja kwa miguu yangu."

Sesilia akashika mdomo, machozi yakamtoka. Mtoto alikuwa ameshajua kukaa. Yudith alinawa mikono, akamwinua, akamweka kwenye beseni. Akamshika mgongo kwa mkono wa kushoto. Akachota maji kwa ule wa kulia, akauinua juu, akammwagia mjukuu wake polepole.