Chini Yako Kuna Watu

Kijiji kizima cha Nduruma hapakuwa na mtu aliyechemsha maji kama Soila. Kila asubuhi alichota mferejini, akayachuja kwa kitambaa safi, akayachemsha mpaka yakatokota sana. Wenzake walimcheka. "Mama Joyce, utamaliza kuni zote kwa maji tu!" Yeye hakujali. Mtoto wake hatakunywa uchafu, basi.

Sasa hebu niambie, kwa nini aliyeugua akawa Joyce?

Siku hiyo mtoto alitapika, akatokwa na mate na jasho, mwili ukamlegea. Soila na mumewe, Parsimei, walimkimbiza zahanati. Daktari alimtazama akasema, "Hii ni sumu ya dawa ya shambani. Amekunywa nini?"

"Maji tu! Tena nimeyachemsha mwenyewe!"

Joyce alipelekwa hospitali mjini, akapona. Lakini Soila alirudi nyumbani na hasira. Nani amemnywesha mwanawe sumu?

Agnela, mtaalamu wa maji, alikuja akachukua maji ya mfereji kwenda kuyapima. Aliporudi na majibu, hakuzunguka.

"Mama Joyce, kuna dawa ya kupulizia nyanya humu."

"Na kuchemsha kote kule?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Sumu haina uhai, utaiuaje? Maji yanapungua kwa mvuke, sumu inabaki sufuriani."

"Na vidonge vya klorini?"

"Navyo ni vya vijidudu. Kitambaa chako kinazuia takataka tu."

"Basi nitumie mkaa!"

"Uko mkaa maalumu wa kuchujia maji. Huo unanasa dawa nyingi, lakini unachoka. Usipoubadilisha, na maji yasipopimwa, unajidanganya. Mkaa wa jikoni usiutegemee kabisa. Kwa sasa chota kwenye bomba la kijiji, hata kama ni mbali; maji yake tumeyapima, ni salama. Halafu tafuteni sumu inakotoka, muizuie huko huko."

Soila hakungoja kesho. Alipanda kufuata mfereji, Agnela na Parsimei wakiwa nyuma yake. Mbele kidogo walimkuta mzee Koikai, mwenyekiti wa mfereji, anasuuza pampu ya kupulizia dawa. Povu lilikuwa linateremka kuelekea kwao.

"Shikamoo, mzee," alisema Soila, maana adabu ni adabu. Kisha akalipuka. "Kumbe ni wewe! Umemnywesha mwanangu sumu!"

Koikai alishangaa kwelikweli. "Mimi? Nimefuata desturi ya mfereji. Unachota juu, unaoshea chini. Hata mumeo hufanya hivyo."

Soila aligeuka. "Baba Joyce?"

Parsimei akakuna kichwa. "Lakini mimi naoshea chini ya pale tunapochota..."

"Na chini yako anachota nani? Nyani? Mdogo wangu Yiamat yuko pale, na mimba yake!"

Jamani! Kumbe kila mtu alijiona ana adabu, na kila mtu alimnywesha jirani wa chini. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Jumapili baada ya ibada, watu wa mfereji walikutana. Desturi yao inajulikana: anayechafua mfereji hutoa mbuzi. Wanawake hukaa nyuma, lakini siku hiyo Soila alisimama mbele.

"Mume wangu atoe mbuzi kwanza. Leo! Kisha mwenyekiti."

Watu wakanong'ona kwamba anamwaibisha mume.

"Aibu?" alifoka. "Aibu ni mtoto kulegea mikononi mwa mama yake, na nyie mnanihubiria adabu!"

Parsimei aliinuka akaenda zizini. Akarudi na beberu wake mweupe, yule aliyempenda kuliko wote. Koikai akaona hana pa kutokea, naye akatoa wake.

Agnela aliwaonyesha la kufanya. Pampu isuuzwe shambani, mbali na mfereji, na maji ya kusuuzia yapuliziwe kwenye nyanya zilezile. Chupa tupu za dawa zitobolewe, zikusanywe pamoja, zisiwekewe maji wala mafuta. Mtu akipata dalili kama za Joyce, akimbizwe kwa daktari mara moja.

Msimu uliofuata Agnela alipima tena. Ile dawa haikuonekana. "Hata hivyo, ya kunywa endeleeni kuchota bombani," alisema. Yiamat alijifungua salama.

Juzi kibarua mgeni aliinama mferejini na pampu yake. Kabla Soila hajafungua mdomo, Parsimei alikwishatoka mbio, akifoka mpaka ng'ombe wakashtuka.

"Toa hiyo pampu! Chini yako kuna watu!"