Udongo Kiganjani mwa Azizi

Sogeeni. Na mwenye haja ndogo aende sasa hivi, maana nikishaanza hapa hakuna atakayetaka kutoka nje peke yake, na mimi sina miguu ya kumsindikiza mtu.

Haya yalimkuta Tabu, binti wa Bi Mwamini wa Mbwera, kule delta, ndani ya mikoko. Tabu alikuwa kajifungua mtoto wa kiume, Abdulazizi, wenyewe wakimwita Azizi. Siku ishirini na tisa. Kitovu kimekauka juzijuzi tu. Mumewe, Ukasha, ni mtu wa Mafia, na siku hiyo alikuja na boti kuwachukua, kwa sababu mama yake alikuwa taabani kule Kilindoni na neno lake lilikuwa moja tu: nimwone mjukuu.

Sasa kwetu kule, mtoto ambaye hajatimiza arobaini havushwi bahari. Mtoni mpeleke utakavyo, ng'ambo hii na ng'ambo ile, madhali mikoko iko karibu. Lakini kumfikisha mahali ambapo ukigeuza shingo pande zote ni maji matupu... hapana. Mtoto mchanga hajajua kwao ni wapi. Pasipoonekana nchi, yeyote anaweza kumwambia kwenu ni huku.

Bi Mwamini akakataa katakata. Ukasha akapiga magoti. Bi Mwamini akamfikiria mwanamke mwenzake aliyelala kitandani huko ng'ambo, akalainika.

"Basi baba, chota udongo. Hapa, mlangoni pangu, alipozaliwa. Ufunge kwenye kitambaa." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe, nchi ikishapotea machoni, mtie huo udongo kiganjani, umfumbe ngumi, uishike. Usiifumbue mpaka uione minazi ya Mafia. Ukiulizwa chochote, sema ana kwao."

"Niulizwe na nani, mama, huko majini?"

"Nimekwambia sema ana kwao."

Wakateremka bandarini baada ya sala ya adhuhuri. Boti yenyewe ya faiba, ndogo, mashine moja nyuma. Nahodha ni Abbasi, jamaa wa hapo hapo Mbwera, mdomo haupumziki.

"Shemeji," akamwambia Tabu akimsaidia kupanda, "mumeo leo kapiga magoti kwa mkwewe mpaka suruali imetoboka. Mimi nikimwambia ainame akombe maji botini, ananiambia kiuno!"

"Washa mashine wewe, maji yanapwa," akasema Ukasha.

Tabu akacheka. Ukasha akampa kile kitambaa, kimefungwa fundo. Kilikuwa chepechepe. Tabu akadhani kimelowa kwa maji ya pale botini, akakipachika kifuani.

Wakatoka kwenye mlango wa mto. Mikoko ikawa ukuta nyuma yao, kisha ikawa mstari mwembamba kama wanja. Simu ya Tabu ikalia, mama yake. "Mmefika wa—" Ikakatika. Mtandao umekwisha.

Tabu akageuka kuutazama ule mstari.

Haukuwepo.

Ilikuwa alasiri, jua lipo, mchana mweupe kabisa. Lakini kulikuwa na utusitusi, na maji yametulia kama mafuta ndani ya sinia, mpaka hujui bahari inaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Azizi akaanza kulia. Tabu akafungua fundo haraka haraka, hata hakutazama vizuri, akamtia udongo kiganjani, akamfumba ngumi.

Mtoto akanyamaza. Hapo hapo. Kama mtu aliyezibwa mdomo.

Na mashine nayo ikanyamaza.

"Plagi hiyo," Abbasi akasema. Akafunua mashine, akaingiza mikono. Ukasha akahamia mbele, nyuma ya mgongo wa Tabu, akashika kasia. Kimya. Wanangu, kimya cha bahari pasipo na upepo si kama kimya cha nyumbani. Nyumbani kuna kuku, kuna mtu anakohoa. Pale unasikia damu yako mwenyewe masikioni.

Ndipo ikaja harufu.

Uji. Uji wa pilipili manga, ule anaopikiwa mzazi. Wa moto, kama sufuria imeepuliwa sasa hivi.

Abbasi akainua pua. "Shemeji, umebeba uji?"

"Sikubeba."

Hakutania tena.

Ko... ko... Chini ya boti. Taratibu, kama mtu anabisha hodi na hataki kuwaamsha wenye nyumba. Kisha sauti ya mwanamke, inabembeleza. Haina maneno. Mmm... mmm... Mara iko kulia, mara iko kushoto, mara iko chini kabisa ya miguu yao.

Azizi akageuza kichwa. Mtoto wa siku ishirini na tisa, shingo bado haijakaza, akageuza kichwa mwenyewe, akatazama ukingo wa boti. Akacheka. Mtoto wa siku hizo hajui kumchekea mtu. Yeye alicheka kama amuonaye anamjua.

"Mwanangu kafika," ikasema sauti.

 Tabu akakumbuka neno la mama yake. Akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Ana kwao."

"Najua," ikajibu. "Si kashika udongo wangu?"

Tabu akaitazama ile ngumi. Kilichokuwa kinachuruzika katikati ya vidole hakikuwa vumbi la mlangoni. Lilikuwa tope. Jeusi.

"Baba Azizi," akanong'ona bila kugeuka. "Ulichota wapi?"

"Mlangoni."

"Baba Azizi. Ulichota wapi?"

 Ukasha akasema, sauti imeanza kupasuka, "Nilisahau. Tulishateremka ndo nikakumbuka, nikaona haya kumrudia mama. Nikachota palepale bandarini, kwenye ule mkoko uliopinda. Nilijua udongo ni udongo tu, mke wangu..."

Spana ikamtoka Abbasi mkononi.

"Mkoko uliopinda? Ukasha! Si ndipo tulipomlaza yule mama?"

Ukasha hakuwa na habari, yeye ni mgeni. Lakini Tabu alijua. Mwaka wa yale mafuriko makubwa, mto ulileta maiti ya mwanamke. Hakuna aliyemjua kwao ni wapi. Walimlaza pale, wanawake wakamwosha palepale, maji ya kumwosha yakaingia kwenye tope lile. Walimkuta ana mbeleko imefungwa mgongoni, fundo halijalegea hata kidogo.

Tupu.

Siku tatu walitafuta mtoto kwenye mikoko. Hawakumpata.

"Niletee," ikasema sauti. Sasa ilikuwa karibu sana. "Maziwa yananiuma."

Sasa fikirini, wanangu. Akiifumbua ngumi, mwanawe hana nchi, wa kuokotwa na yeyote. Akiiacha imefumbwa, mwanawe ni wa yule. Na vidole vya Azizi vilikuwa vinaanza kupoa. Ukucha mmoja mmoja unageuka samawati.

Tabu hakulia. Alijitazama miguu.

Tangu ajifungue alikuwa anatembea pekupeku pale kwao, ua mzima, asubuhi na jioni, na visigino vyake, kama vya sisi sote tunaolima mpunga, vimepasuka nyufa za kuingia sarafu. Na ndani ya nyufa hizo kuna udongo wa mama yake. Hata ukisugua na jiwe hautoki wote.

"Mshike mtoto," akasema, macho yakiwa kwenye kisigino, akanyoosha mikono pembeni.

Mikono ikampokea.

Tabu akachomoa pini ya ushungi, akachokonoa. Aliingiza mpaka kwenye nyama. Damu ikatoka, na udongo ukatoka, mwekundu, punje kwa punje, akaukusanya kwenye ukucha. Haukuzidi chumvi ya kuonjea mchuzi. Ile sauti ilikuwa imenyamaza. Akasikia maji yanadondoka tu, to, to, to.

"Nipe."

Akarudishiwa. Mtoto alikuwa kalowa mpaka kifuani, Tabu akajua kakojoa. Akaanza kuvifungua vile vidole. Havikutaka. Mkono wa mtoto mchanga huo, wanangu, lakini ulikaza kama kuna mkono mwingine unaufumba kwa nje. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Akalikwangua lile tope lote, akalitupa majini.

"Hili lako, mama. Chukua, na Mungu akupe wako. Huyu ana kwao."

Tope lilipogusa maji halikutoa sauti.

Akamsugua Azizi kiganja kwa ule udongo wa kisigino, na damu yake ndani, akamfumba ngumi, akaishika kwa mikono miwili. Mtoto akapiga ukelele. Kilio kizuri kile, kilio cha mtoto mzima! Na chini ya boti nako kikaanza kilio. Cha mtu mzima. Kikaenda kikiondoka, kikiondoka, kama mtu anatembea sakafuni mwa bahari kashika kichwa.

Abbasi akavuta kamba ya mashine. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikakohoa, ikashika.

Wakakata maji mpaka minazi ya Mafia ilipoibuka majini, myeusi, jua linazama. Hapo Ukasha akaja akakaa miguuni pa mkewe, analia kama mtoto.

"Nisamehe, Mama Azizi. Nilitaka kumuua mwanangu kwa kuona haya."

Tabu akamwekea mkono kichwani. "Yamepita. Hata hivyo ulinisaidia, ulimshika vizuri."

"Nilimshika nani?"

"Mtoto. Pale nilipokuwa nachokonoa kisigino."

Ukasha akamtazama. "Mimi nilikuwa mbele nimeng'ang'ania kasia kwa mikono yote miwili, boti isizunguke. Hukunipa mtoto."

Tabu akageuka polepole kumtazama Abbasi kule nyuma. Abbasi akainua mikono yake. Ilikuwa myeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko. Tabu akaitazama fulana ya Azizi. Nyeupe. Haina hata tone la oili.

Wakatazamana watatu, mashine inaunguruma.

Tabu akamkumbatia mwanawe, akafungua kifua upesi. Maziwa yalikuwa yamejaa, yanamuuma, hakuwa kamnyonyesha tangu adhuhuri. Akamtia ziwa mdomoni.

Azizi akageuza uso. Akajaribu la pili. Akageuza tena. Akapiga mbweu, na maziwa yakamchuruzika pembeni mwa mdomo.

Alikuwa ameshiba.