Dirisha Lililokumbuka Maswali

Jumamosi ile maktaba ilifurika, kompyuta ya kuazimishia vitabu imegoma, foleni imefika mlangoni. Fundi wa kompyuta alikuwa amepiga magoti chini ya meza, nywele zimejaa vumbi, aliposikia sauti ya mwanamke.

"We fundi, utatoka huko leo au tukuletee mto?"

Akainuka, akagonga kichwa. Mwanamke akacheka. Alivaa gauni la kijani lenye mfuko unaomeza kitabu kizima.

"Gauni zuri, dada. Nani kashona?"

"Mimi. Cherehani yangu iko nyuma ya soko."

"Basi tuko mafundi wawili."

Mwanamke akaandika namba ya kadi yake kwenye daftari, akaondoka na vitabu viwili. Hapo ndipo fundi, mtu mzima, alipokosa akili. Alikuwa amewatengenezea wakutubi ukurasa mdogo waliouita Dirisha: unaufungua hata kwenye simu, unauliza, nao unakuonyesha majedwali yote, nani kaazima nini na lini. Kazi ya Dirisha ni kutafuta vitabu vilivyopotea. Yeye akaingiza namba ya yule dada. Orodha ikashuka: riwaya za kijasusi, mashairi, kilimo cha maua. Na vitatu vya mwaka juzi, kuhusu wanawake wasiojaliwa kuzaa.

Angefunga hapo, tungemsamehe. Hakufunga.

Wiki ya pili akampelekea dada suruali ipunguzwe, mkononi riwaya ya kijasusi.

"Na wewe unazipenda?"

"Mno!"

Mwongo mkubwa, zilimtia usingizi. Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Hebu toka hapa, una maneno wewe!"

Jioni moja, bila kuulizwa, akasema, "Kwangu mimi watoto si sharti. Nikikupata wewe inatosha." Mwanamke akalia kwa furaha. Mumewe wa zamani alimwacha kwa kukosa watoto, na siri ile hakuwahi kumwambia mtu, hata dada yake.

Za mwizi arobaini, wanasema, ila zake hazikufika hata ishirini. Mwenyewe alimkaribisha maktaba amwonyeshe kazi ya mikono yake.

"Ona lilivyo jepesi," akajisifu, akagusa kisanduku cha kuulizia. Dirisha likashusha maswali yote ya zamani. Namba moja ya kadi, mara kumi na nne. Mwanamke alikuwa na kadi yake mkononi. Akaitazama kadi, akatazama skrini, akaitazama kadi tena.

"Ulijua," akasema polepole. "Siku ile ya watoto, ulijua."

"Mpenzi, nilimaanisha..."

"Usiniite hivyo. Nilidhani Mungu kanisikia, kumbe umenipekua!"

Aibu gani ile! Mwanamke akaondoka, masikio ya fundi yakawaka moto. Kesho yake fundi alikwenda kwa mkutubi mkuu, mama mwenye miwani shingoni, akasema yote.

"Ungekuwa mwanangu ningekuchapa," mama akamwambia, akamnyang'anya ruhusa ya kuona taarifa za wasomaji, akamtaka aeleze kosa lake mbele ya wenzake. Akaeleza, macho sakafuni. Simu zake mwanamke hakupokea. Fundi akamwandikia ujumbe mmoja tu: "Nimekiri kazini. Lile la watoto nililimaanisha, ila nimelichafua mwenyewe."

Mwezi ukapita. Kisha simu ikaita.

"Njoo dukani."

Mwanamke hakumtazama. Alimsukumia kitabu kikuukuu kisicho na jalada.

"Cha marehemu bibi yangu. Kwenye Dirisha lako hakimo. Soma, uniambie ukweli."

Siku ya nne alikirudisha, jasho linamtoka.

"Kimenichosha. Ukurasa wa thelathini nikalala."

Cherehani haikusimama. "Na vya kijasusi?"

"Vile pia. Sijawahi kumaliza hata kimoja. Nisamehe, naona haya hata kukutazama."

Cherehani ikasimama.

"Hiki hata mimi kilinishinda," mwanamke akasema. "Keti. Ukitaka kujua jambo langu, niulize mimi."

Katika maswali yote ya dunia, fundi alipata moja tu.

"Umekula?"

"Bado," akajibu, akamsogezea kiti.