Wiki Mbili za Mwalimu Kaijage

Wazazi wa Muleba, wekeni chini vibuyu vya lubisi, pombe yenu ya ndizi, mnisikilize. Natangaza janga kubwa kuliko wadudu wanaokula migomba yenu: mwalimu mmoja amenyimwa safari ya kwenda Bukoba. Msicheke.

Mwalimu Kaijage alifundisha hesabu katika shule yetu ya bweni miaka kumi na mmoja, kwa daftari lilelile. Kila mwaka treni ileile iliondoka Tabora saa ileile, nasi ambao hatujawahi kuona treni tukaikimbiza kwa penseli. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Alimwambia mkewe Verdiana kwamba kichwa chake kimeota ukungu.

Mwaka 1952 ikaja barua: mafunzo ya walimu wa hesabu, Bukoba, wiki mbili. Kaijage alipiga pasi kaptura zake zote mbili na kuanza kuandika maswali ya kwenda kuuliza. Yalijaza kurasa sita.

Siku ya gulio habari zikaenea kwamba Mwalimu ameshindwa kazi, anarudishwa darasani. Wazazi wakamjia Mwalimu Mkuu Aristides ofisini, mzee Kagaruki akiwa mbele.

"Waitu, ndugu zetu, tuliwaleta watoto kwa mtu aliyemaliza kusoma. Kumbe huyu wenu bado?"

Walipoondoka, Aristides alimsihi Kaijage abaki, kulinda jina la shule.

"Mganga akienda kujifunza dawa mpya," Kaijage aliuliza, "mnamwita mgonjwa?"

Aristides aliipa shule nyingine nafasi ile.

Zamani ukimuuliza Kaijage "kwa nini", alitoka nje akachora chini kwa kijiti mpaka uelewe. Sasa alisema, "Andikeni tu." Na zile kurasa sita Verdiana aliwashia moto, kwa amri ya Kaijage mwenyewe.

FUNZO

Mwalimu anayejifunza hajashindwa. Aliyeshindwa ni yule asiye na swali tena. Ninyi wazazi mlimzuia mmoja asiende kuuliza, na watoto wenu ndio wanaokosa majibu. Wakuu wa shule, watetezeni walimu wenu mbele ya watu.

Ningeishia hapo, lakini Mwalimu Kaijage amesimama nyuma yangu ninapoandika na amesoma yote. Ameuliza nilijuaje maneno ya ofisini. Nilikuwa chini ya dirisha. Kisha ameuliza, bila hasira, nani alipeleka habari ile gulioni.

Ni mimi, Mwalimu. Nilidhani watu watacheka tu.