Laini ya Giakanja

Sauti ndiyo iliyomfichua Wachuka. Jumamosi hiyo alikuwa ameinama juu ya rundo la kabichi katika soko la Karatina, gauni lake la manjano amelishika kwa mkono mmoja lisiguse matope, akimwambia muuzaji asubiri kidogo. Nyuma yake mwanamume mwenye kofia ya kahawia na gambuti alikuwa akipakia magunia ya viazi, waru kama waitavyo huko, kwenye lori. Aliposikia neno lile, aliachia gunia likaanguka.

"Sema tena," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Hiyo ya kusubiri. Sema, subiri laini."

Wachuka alimtazama kutoka kofia hadi gambuti, akacheka kabla hajajizuia. Alikuwa opereta wa simu katika posta ya Nyeri. Miaka ile, uhuru ukiwa bado mchanga, mtu wa milimani hakujipigia simu za mbali. Aliomba laini, kifuniko kidogo cha shaba kikadondoka kwenye ubao mbele ya Wachuka, naye akachomeka waya na kumwunganisha. Kila asubuhi sauti nzito kutoka Karatina iliomba Nairobi, ili iulize kama waru zimefika salama. Sasa sauti hiyo ilikuwa na mwanya wa meno na ilisema inaitwa Kingori.

"Nilidhani wewe ni mzee," Wachuka alimwambia.

"Na mimi nilidhani uko mfupi. Hiyo sauti yako ni ndogo kuliko wewe, ama unaikunja ndio iingie kwa waya?"

Hivyo ndivyo walivyoanza, katikati ya kabichi, na muuzaji bado anangoja pesa yake. Tangu siku hiyo Nairobi ikawa kisingizio tu. Kingori aliomba laini mapema kuliko lori lenyewe lilivyoweza kufika, ili wapate kuzungumza. Alimwita Laini yangu. Naye Wachuka alimwita Bwana Waru. Jumapili walikutana Nyeri baada ya kanisa, Kingori amevaa koti la marehemu babake lililompwaya mabegani, wakanywa chai na kutazama mlima ukijifunua na kujifunika. Walipendana. Hakuna haja ya kulizungusha hilo.

Lakini kulikuwa na laini nyingine katika ubao ule, ambayo Wachuka hakumtajia mtu.

Mama yake mzazi alikufa wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, naye Wachuka akalelewa na mama mdogo, Waithira, kule Giakanja. Waithira alikuwa ameolewa zamani. Alipoanza kutokwa na damu isiyokoma alipelekwa hospitalini, akaambiwa atasafishwa kidogo tu. Alipozinduka, daktari alikuwa ameshazungumza na mumewe nje, na hakuna aliyemwambia yeye kitu. Kutoka kinywani mwa mumewe ndiko alikopata habari kwamba kizazi chake kimetolewa, siku mume huyo alipomrudisha kwao. Maisha yake yote yaliyobaki aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto jikoni, akikoroga uji, bila mtoto mgongoni. Wachuka alipopata kazi posta, kila Ijumaa Waithira alikwenda kwenye duka la chai la Giakanja kumpigia. Kisha akafa. Kwa watu wa huku, jina la bibi hurudi kwa mjukuu, na mtu huendelea kuitwa uani hata akiwa kaburini. Waithira hakuwa na wa kumrudisha. Duka likafungwa, waya ukakatwa.

Hata hivyo, Ijumaa moja, ukungu ukiwa umeziba madirisha ya posta, kifuniko cha laini ya Giakanja kilidondoka. Wachuka alichomeka waya. Hakukuwa na sauti ya mtu, ila mvumo mwembamba uliopanda na kushuka, na yeye aliujua wimbo huo. Fundi alikuja akaukagua ubao, akasema ni unyevu. Ijumaa iliyofuata kilidondoka tena.

Wakati huo tumbo lake lilikuwa limeanza kukua. Hedhi ilimjia nzito, ikamwacha na midomo myeupe na moyo unaodunda akipanda ngazi. Daktari wa kwanza alimbonyeza akamwambia kuna uvimbe katika kizazi, sio mmoja, na dawa yake ni kukitoa chote. Alilisema kama mtu anayeshauri jino ling'olewe. Wachuka alivaa viatu vyake akatoka. Barabarani alihisi kabisa kwamba kuna mtu anatembea nyuma yake, anayekoroga kitu chunguni.

Hakumwambia Kingori. Kingori alikuwa kifungua mimba, mwana wa pekee wa mjane, na binti yake wa kwanza angepaswa kuitwa Wangechi, kama mama yake. Wachuka aliliacha gauni la manjano, akaanza kuvaa koti kubwa la kijani hata jua likiwaka. Kingori alimtania kwamba amekuwa askari wa msitu. Alipotaka kumkumbatia sana, Wachuka alijitoa mikononi mwake, na kijana akadhani ni haya ya kanisa, akaiheshimu.

Mwezi wa saba Kingori alimpeleka kumwona mama yake, juu ya mji wa Karatina. Wangechi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani, anayesema kidogo. Alimpokea Wachuka koti, kwa kuwa ndani moto ulikuwa mkali, akaona tumbo. Uso wake ukafunguka wote. Alipiga magoti pale kwenye majani ya mahindi yaliyotandazwa, akaliwekea tumbo kiganja.

"Wangechi," alisema polepole, "ni wewe umekuja? Karibu, mama. Mimi ni wewe."

Wachuka alijua hapo ndipo pa kusema. Lakini kiganja kile kilikuwa cha joto, na kwa muda mfupi, jina lile lilipoitwa, aliona kana kwamba kweli kuna mtu humo ndani. Akainamisha kichwa. Mama yule akadhani anakubali.

Kingori alijua vizuri kwamba yeye hajawahi kulala na Wachuka. Aliinywa chai yake hadi mwisho kwa adabu, akamsindikiza hadi barabarani, na hapo ndipo alipouliza.

"Ni ya nani?"

Wachuka alitazama nyasi. Angeweza kumwambia kuwa humo hamna mtoto, na kwamba huenda hatakuwamo kamwe. Maneno hayo yalimshinda. Aliona afadhali Kingori amwone mhuni kuliko amwone kama Waithira alivyoonwa na mumewe, chombo kilichotoboka.

"Nisamehe," alisema tu.

"Ati nikusamehe. Mama yangu amekupatia jina yake, Wachuka. Umemwacha akaongea na mtoto ya mtu mwingine."

Aliondoka bila kugeuka. Na hapa niseme, ujinga ulikuwa wa wote wawili, mmoja kwa kunyamaza na mwingine kwa kuuliza swali ambalo tayari amejijibu.

Waru lakini hazingoji mtu apone moyo. Asubuhi iliyofuata, na zile zilizofuata, Kingori aliomba Nairobi kwa sauti ya mtu wa ofisini, naye Wachuka akamwunganisha, na ilimuuma kuliko tumbo. Ijumaa kifuniko cha Giakanja kilidondoka mapema. Alikuwa ameuchomeka waya na wimbo ule uko sikioni mwake wakati cha Karatina kilipodondoka pia. Alisema, "Subiri laini." Kingori akasubiri. Alisikia kiti kikianguka, kisha hakusikia kitu, kisha ikaja sauti ya Gakii, mwenzake Wachuka wa zamu.

"Nani huyo? Ni Kingori? Wachuka ameanguka. Kiti yote ni damu."

Kingori aliliacha lori sokoni na magunia nusu. Alimkuta Gakii kwenye benchi la hospitali, na Gakii, ambaye ni mtu wa Meru na hakuumbiwa kuzungushazungusha, alimweleza yote aliyoambiwa na Wachuka njiani kuja hospitalini. Hakukuwa na mimba. Hakukuwa na mwanamume. Kulikuwa na uvimbe, na daktari aliyetaka kung'oa kizazi, na msichana aliyemwona mama yake mdogo akizikwa na jina lake. Kingori aliivua kofia akaificha sura yake humo.

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Ulimuuliza ni ya nani," Gakii alisema. "Hukumuuliza ako na nini."

Alipoingia wodini hakutoa hotuba. Alimshika Wachuka mguu juu ya blanketi, mahali salama palipokuwa karibu, akamwambia amekosea, na kwamba laini ile ya asubuhi bado anaisubiri. Wachuka alilia bila sauti, kisha akamwomba koti lake la kijani kwa sababu miguu ilikuwa baridi.

Gakii alikuwa na binamu yake, Daktari Kaberia, katika hospitali ndogo ya misheni upande wa mashariki wa mlima. Walimpeleka huko alipopata nguvu kidogo. Kaberia alimpima taratibu, akamwambia atautoa uvimbe mmoja mmoja na kukishona kizazi kikabaki. Hakumficha hatari. Kazi hiyo humwaga damu nyingi kuliko kutoa kizazi kizima, na uvimbe unaweza kuota tena.

"Damu ikikataa kusimama, nitatoa chote," alisema. "Siwezi kukuacha ufe."

"Sawa," alisema Wachuka. "Lakini nikiamka niambie mimi kwanza. Usimwambie mwanamume yeyote kabla yangu."

Damu ilihitajika, na Kingori alitoa yake, kisha akawaleta wapakiaji wa soko, wanaume wanaobeba magunia mawili kwa mpigo, na mmoja wao alizimia alipoona sindano. Hilo lilimfanya Wachuka acheke. Lakini hakulala vizuri. Alimwambia Kingori kinachomtisha si kisu. Jina la mtu aliye hai limewekwa ndani ya tumbo lake, mahali pasipo na mtoto, na kesho panakatwa.

Kingori alikwenda kumweleza mama yake. Alitegemea hasira. Wangechi alisikiliza, akafunika moto majivu, akafunga kitambaa chake cheupe na kupanda gari.

Alifika asubuhi ya upasuaji, ukungu ukiwa mlangoni. Hakumsalimu mtu. Alipiga magoti kando ya kitanda kama siku ile, akaweka kiganja pale pale, na manesi wakasimama na machela yao.

"Wangechi," alisema, "nilikuita mapema. Hii si nyumba bado. Toka, mama. Rudi kwangu, twende nyumbani."

Alikaa hivyo kidogo. Kisha aliukunja mkono wake ngumi, kama mtu aliyeshika kifaranga, akauingiza ndani ya kifua cha gauni lake. Wachuka alihisi tumbo limekuwa zito na kimya, tumbo la mgonjwa tu. Hofu ilimtoka kwa pumzi ndefu.

Kingori alitembea na machela hadi mlango wa chumba cha upasuaji.

"Laini yangu, nataka tuoane. Nasema sasa, kabla ya mtu kujua kitu."

"Na kama hakuna Wangechi?"

"Basi nitakuwa na Wachuka."

Wachuka alisema atamjibu akitoka. Mlango ukafungwa.

Ilichukua muda ambao Kingori hakupenda kuukumbuka baadaye. Daktari Kaberia alipotoka, aproni yake nyekundu hadi magotini, alifungua mdomo, na Kingori akaziba masikio yake kwa mikono yote miwili.

"Usiniambie," alisema. "Mwambie yeye kwanza."

Akabaki nje, hajui kama anaoa mama wa watoto au la, akimkataza hata mama yake kuuliza. Jioni Wachuka alizinduka. Kaberia aliinama akamwambia. Alimwomba arudie, akarudia. Ndipo alipomwita Kingori, akamwambia kwa kinywa chake mwenyewe, sauti ndogo kabisa, kuwa kizazi kipo, kimeshonwa, na kuwa jibu lake ni ndiyo. Na kwamba huenda mtoto asije, alijue hilo. Kingori alisema analijua.

Wangechi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Aliuliza yule mama mdogo wa Giakanja aliitwa nani.

"Waithira," Wachuka alisema.

"Msichana wa kwanza akikuja, ni Waithira."

Kingori aligeuka. Wa kwanza ni wa upande wa baba, hilo hata mtoto analijua, na hakuna mama mkwe anayeiacha nafasi yake.

"Mimi bado niko hai," alisema Wangechi. "Ninaweza kungoja. Huyo mwenzangu amengoja sana."

Wachuka alirudi kazini msimu wa mvua za vuli, amevaa gauni la manjano, Gakii akiwa amelipunguza kiunoni. Kingori aliomba Nairobi, akamwambia kwamba bibi arusi hapaswi kufanya kazi, akaambiwa bwana harusi aache kuchezea laini za serikali. Ijumaa ukungu ulishuka. Kifuniko cha Giakanja kilidondoka.

Gakii alikitazama, akamtazama yeye. Wachuka alichomeka waya. Wimbo ulikuwepo, mwembamba, ukipanda na kushuka. Hakuogopa. Aliegemea karibu, mkono mmoja juu ya kovu, akamwambia Waithira kama alivyowaambia wote waliopiga.

"Subiri laini."