Aliyekanyaga Breki

Mapovu yalikataa kuisha. Kila aliyewahi kutoa hewa kwenye breki anajua kwamba mapovu yana mwisho: mmoja anakanyaga pedeli, mwingine analala karibu na gurudumu na kulegeza nati, mafuta yanapita kwenye kimpira hadi kwenye chupa, na hewa inatoka nayo mpaka ikwishe. Hapa haikwisha. Ilitoka kidogo, ikatulia, ikatoka tena, kama mtu anayehema usingizini.

Mtaani walimwita Najua. Ukimwelekeza njia, anajua. Ukimwonya, alikwishajua. Mafundi wote kwake walikuwa wababaishaji, ndiyo maana alikuwa amelala uani, shavu kwenye vumbi, akibadilisha breki za gari lake mwenyewe. Na ndiyo maana aliyekuwa kwenye kiti cha dereva, tumbo limegusa usukani, alikuwa mke wake, ambaye mimba yake ilikuwa imebakiza siku za kuhesabika. Nyumba yao ilikaa juu ya mteremko mkali, hospitali iko chini kabisa. Uchungu ukianza, gari hilo ndilo lingemteremsha, na breki hizo ndizo zingemsimamisha.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Achia. Sasa kanyaga tena, na safari hii kanyaga kama mtu aliyekula."

"Mguu umekufa ganzi, mume wangu. Tumwite fundi."

"Fundi anajua nini nisichokijua mimi?"

Mke akasema kwa sauti ya chini, "Humu ndani kuna harufu ya nywele zinazoungua."

"Ungekuwa unakanyaga kama unavyoongea, tungekuwa tumeshamaliza."

Maneno hayo mwanamume mwenye haya hamwambii mwanamke aliyebeba mtoto wake. Mke akashuka kimyakimya na kuingia ndani. Najua hakumsikia, kwa kuwa wakati huo alikuwa anaigongagonga nati kwa nyundo, akimlaani aliyeitengeneza.

"Kanyaga," akasema.

"Nimekanyaga," sauti ya mkewe ikajibu, tamu, haina kinyongo.

Pedeli ilikanyagwa kwa nguvu, mafuta yakaruka. Najua akafurahi. "Umeona? Ukitaka unaweza." Huko juu mtu akacheka kidogo. Wakaendelea hivyo, kanyaga, shikilia, achia, mpaka alipogeuza shingo kupumzisha mkono na kuona, kupitia uvungu wa gari, miguu ya mke wake ikitoka jikoni, ile iliyovimba kwa mimba, ikija polepole na kusimama karibu na kichwa chake.

"Maji haya," alisema mkewe. "Unaongea na nani?"

"Siongei na mtu."

Aliweka bilauri chini na kurudi ndani, bado amenuna, na kabla mlango wa jikoni haujafungwa sauti ileile ikasema juu ya kichwa cha Najua, "Nimeshikilia," ikasema taratibu, karibu kwa upendo, na yeye amelala palepale na spana mkononi, anaona mafuta kwenye kimpira yakivutwa kurudi nyuma na kusukumwa tena, kurudi na kusukumwa, na hakuna nati aliyoigusa, na harufu ya nywele zilizoungua imeshuka mpaka puani mwake, na ile sauti inasubiri kuambiwa iachie.

Akajikokota akatoka. Kiti kilikuwa kitupu. Pedeli ilikuwa imelala sakafuni, na mbele ya macho yake ikapanda polepole, kama kuna mguu umeondolewa.

Shangazi yake, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea, na bado aliishi chumba cha uani. Watu waliosumbuliwa na majini waliletwa kwake, na Najua alizoea kuwacheka wakiwa bado mlangoni. Bibi huyo alitoka na kitambaa puani.

"Mafuta ya zamani umeyamwaga wapi?" aliuliza.

"Kwenye shimo, nyuma ya bafu."

"Ulisema tupisheni?"

Najua akajipangusa mafuta mikononi. Shangazi hakuwahi kumwaga hata maji ya vyombo katika shimo lile bila kuwaomba waliomo wapishe, na mafuta ya breki hubabua hata rangi ya gari.

"Kuna mtu umemuunguza," alisema shangazi.

"Mwanangu," ilijibu sauti ndani ya gari. "Usoni."

Shangazi akainama dirishani. "Tumekosa, mama. Unataka nini?"

"Wewe hujakosa. Aombe radhi yeye. Kwa moyo."

Neno moja tu. Kuna watu wangelitoa mara mia na kushukuru kwamba mambo yameishia hapo. Najua alisimama kidevu juu, jasho linamtiririka, na bado kiburi kikamshinda. "Nilipigie shimo magoti? Mimi?"

Mke akatoka na begi begani. "Naenda kwa mama," alisema. "Nitajifungulia huko, kwa watu wanaoniona mtu. Gari limekwisha?"

Shangazi alimtazama mpwa wake. Najua alitazama chini. Kusema halijakwisha kungekuwa kukiri mbele ya mkewe kwamba kuna kitu kimemshinda, na mwanamume yule, Mungu amsamehe maana mimi siwezi, akasema, "Limekwisha. Breki ziko sawa."

"Usipande, mwanangu," alisema shangazi.

"Shangazi, tafadhali. Wewe ndiye uliyemlea hivi."

Akapanda, akawasha, akaachia hendibreki. Uwanja wote uliinamia geti, na nje ya geti barabara iliporomoka moja kwa moja. Gari likateleza. Taa nyekundu za nyuma zikawaka, zikazima, zikawaka, maana alikuwa anakanyaga, anakanyaga, na gari linazidi mwendo.

"Hazishiki," alisema mke, na ile sauti iliyofanana na yake, iliyokuwa pamoja naye humo ndani, ikacheka.

Najua akakimbia, akashika mlango. "Samahani basi," alisema, kama anayemtupia mbwa mfupa. Gari likaongeza mwendo, mlango ukamponyoka, akalikimbilia tena huku anapiga kelele na machozi yanamtoka, nisamehe, nisamehe, nilijua wapo, niliambiwa tangu mdogo, nilimwaga makusudi kwa kuwa sipendi kuambiwa, nimemuumiza mtoto asiye na kosa, kosa ni langu, nisamehe, mpaka pumzi ikamwishia na akaanguka kifudifudi getini.

Gari likasimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshavuka geti.

Mke alikaa mikono kwenye usukani, anahema. Kisha akashusha kioo.

"Kumbe hilo neno unalijua," alisema. "Tangu unioe sijawahi kulisikia. Ulikuwa unamwambia nani?"

Angesema "wewe." Hata kama ni uongo, ungemfaa, na usingekuwa uongo mtupu. Lakini alishazoea kuwa na jibu sahihi.

"Jini," alisema.

Mke akatikisa kichwa taratibu. Akaijaribu pedeli, ilikuwa ngumu, imara. Shangazi akapita bila kumtazama mpwa wake, akafungua mlango wa abiria, akaketi. "Ametoka humu," alimwambia mke. "Twende." Gari likateremka kwa adabu, likasimama vizuri kwenye kona ya chini, likapinda, likapotea.

Najua alibaki ameketi vumbini, hasira zimemjaa, na safari hii hakuona wa kumkasirikia isipokuwa mwenyewe. Jua lilikuwa linashuka. Akakusanya spana zake, akaelekea bombani kunawa.

Ndani ya nyumba tupu, mtoto mchanga akaanza kulia, kilio cha mtoto anayeumwa.

"Nimekusamehe, mume wangu," sauti ya mkewe ikasema kutoka jikoni, tamu, haina kinyongo. "Sasa njoo umbebe. Zamu yako."